Kitasa cha nje cha Corolla 110 kimekatika na loki ya watoto imefungwa: mlango utafunguliwaje?

Mama wa Kihonda, Morogoro, aliuliza:

Wanajamvi, habari za jioni. Ninaomba ushauri kuhusu gari langu, Toyota Corolla ya mwaka 1998, ile ambayo wengi tunaiita 110. Namba ya chesisi inaanza na AE110 na injini yake ni 5A. Juzi asubuhi, nilipokuwa nikimfungulia mwanangu wa mwisho mlango wa nyuma wa kushoto mbele ya geti la shule, kitasa cha nje kilitoa mlio mdogo kama wa kijiti kikavu, na kipande cha kuvutia kikabaki mkononi mwangu. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kwamba kitasa hicho ni kigumu na kinahitaji kuvutwa kwa nguvu, lakini sikutegemea kwamba kingekatika.

Kama ingekuwa kitasa peke yake nisingewasumbua. Mlango huo nilikuwa nimeuweka kwenye loki ya watoto, kile kijiti kidogo kilichopo kwenye ukingo wa mlango ambacho hukifikii mpaka mlango uwe wazi, kwa sababu mtoto huyo ana miaka minne na huvuta kila anachokiona. Kwa hiyo mkono wa ndani haufungui na kitasa cha nje hakipo. Mlango umegeuka ukuta. Watoto wangu wote watatu sasa wanashukia mlango wa kulia, yaani upande wa barabarani ambako bodaboda hupita bila kumtazama mtu, na hofu yangu iko huko zaidi kuliko kwenye sura ya gari.

Nimekwenda kwa mafundi wawili. Wa kwanza alitaka kuingiza mtaimbo mdogo kati ya ukingo wa mlango na nguzo, autanue mpaka uachie, akanihakikishia kwamba fundi wake wa rangi atarekebisha. Wa pili alinishauri ninunue mlango mzima wa mtumba. Nilipomuuliza atafikiaje bawaba za mlango huu ikiwa wenyewe haufunguki, alicheka akaniambia nimwachie gari siku tatu. Sikumwachia.

Ninaomba mnieleze kama kuna njia ya kuufungua mlango huu bila kuharibu bati wala rangi, na jinsi ya kubadilisha kitasa kwa mtu ambaye si fundi lakini haogopi kushika bisibisi, maana kaka yangu atakuja Jumamosi kunisaidia. Vilevile ningependa kujua kama ni heri kitasa kipya au cha mtumba. Natanguliza shukrani.

Dereva wa Ubungo alijibu:

Pole sana dada, na uwape pole watoto. Mtaimbo usiukubali kabisa. Ukingo wa mlango ukishapinda, hata ukinyooshwa na kupakwa rangi, raba haikai tena sawasawa, na mvua ya kwanza ya masika itakuonyesha mahali bati lilipokunjwa.

Mimi nina 110 ya mwaka 1999, na kitasa cha mlango wa mbele wa kushoto nilikibadilisha mwenyewe. Wa nyuma una nafuu moja, kwamba hauna tundu la ufunguo, kwa hiyo hutahangaika kuhamisha silinda kutoka kitasa cha zamani ili uendelee kutumia ufunguo uleule.

Anza kwa nje kabla hujagusa kitu ndani. Hakikisha kitufe cha kufungia mlango kiko upande wa kufungua, kwa sababu kikiwa kimefungwa hata ungekuwa na kitasa kizima usingefanikiwa. Kisha mulika kwa tochi ndani ya nafasi iliyoachwa na kipande kilichokatika. Mara nyingi kinachokatika ni sehemu ya kuvutia au sikio lake, lakini kijimkono cha nyuma kinachosukuma ufito, yaani kile kijiti chembamba cha chuma cha kwenda kwenye loki, hubaki mahali pake. Ukikiona, chukua waya mgumu wa hanga la nguo, ukunje ncha yake kama ndoano, bandika utepe wa karatasi kuzunguka tundu ili usiikwaruze rangi, halafu ukisogeze kijimkono hicho kama ambavyo kitasa kingekisogeza, huku mtu mwingine akiubonyeza mlango kuelekea ndani kwa kiganja. Kubonyeza huko si mchezo: raba ya mlango wakati wote inausukuma mlango kwenda nje, na loki inabaki imekivuta kwa nguvu kile chuma cha umbo la U kilichofungwa kwenye nguzo. Ukiubonyeza kidogo, mbano unapungua na loki inaachia kwa nguvu ndogo.

Ikishindikana, utalazimika kuingia kwa ndani mlango ukiwa umefungwa. Ni kazi ya kujikunja, lakini inawezekana. Ondoa sehemu ya kukalia ya kiti cha nyuma. Kwenye gari langu inashikwa na ndoano mbili upande wa mbele, na ukiivuta juu kwa ghafla karibu na kila ndoano inaachia. Pandisha kioo mpaka juu kabisa wakati waya wa swichi bado umechomekwa, kwa sababu kioo kikiwa chini kinaziba njia ya mkono wako. Toa skrubu iliyo ndani ya kikombe cha mkono wa kufungulia na skrubu za sehemu ya kuegemeza mkono, ukiangalia vizuri vifuniko vidogo vya plastiki ambavyo huficha baadhi yake. Baada ya hapo, ingiza bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa kati ya paneli, yaani ubao unaofunika mlango kwa ndani, na bati, karibu kabisa na kila pini inayoishikilia. Ukibanduia mbali na pini, pini hubaki kwenye bati na ubao wa paneli humeguka, hasa paneli ambazo zimeonja unyevu kwa miaka zaidi ya ishirini. Kwa kuwa mlango umefungwa, ukingo wa nyuma wa paneli umebanwa na hutaitoa yote. Ilegeze upande wa mbele na wa chini, uifungue kama jalada la kitabu mpaka mkono upite.

Nyuma ya paneli utakuta karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Hiyo usiikate wala usiichane. Ibandue taratibu kuanzia kona na uiache ikining'inia. Maji ya mvua huteremka na kioo mpaka ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini, na nailoni hiyo ndiyo inayoyazuia yasiingie kwenye zulia. Ukipanda gari linalonuka uvundo kila masika, ulizia kama halijawahi kubadilishwa mota ya kioo na fundi mwenye haraka.

Ukishapata njia, mulika upande wa nyuma wa mlango, uutafute ufito unaotoka kwenye kitasa kwenda kwenye loki, na usukume kile kijimkono cha loki ambacho ufito huo umeshikana nacho. Mlango utafunguka, nawe utaitoa paneli yote kwa raha.

Kitasa chenyewe, kwenye gari langu, kilishikwa kwa ndani na boliti mbili za namba 10. Tumia soketi fupi, na weka kipande kidogo cha karatasi ndani ya soketi ili kichwa cha boliti kikae kwa kubana, kisije kikaangukia chini ya mlango. Ukishafunga kipya, kabla hujarudisha nailoni na mlango ukiwa bado wazi, sukuma ulimi wa loki kwa bisibisi mpaka ulie mara mbili kama vile mlango umefungwa, kisha vuta kitasa uone kama ulimi unaachia. Rudia hata mara kumi. Mtu akiufunga mlango kabla ya jaribio hilo na ufito ukawa haujakaa sawa, anarudi kulekule ulipo wewe leo.

Mwisho, dondoshea loki oili kidogo ya injini na utakuwa umemaliza.

Fundi Mstaafu wa Mwanza alijibu:

Binti yangu, ndugu wa Ubungo amekuongoza vizuri, na juu ya paneli sina la kuongeza. Mimi nataka kusema juu ya jambo ambalo umelitaja kwa kupita tu, kwamba kitasa kilikuwa kigumu na ulikuwa ukikivuta kwa nguvu. Ugonjwa uko hapo. Ukifunga kitasa kipya juu ya loki hiyo hiyo, utakuwa umenunua kitasa cha kuvunja tena.

Tuelewane kwanza kwa majina, maana gereji nyingine hutumia neno kitasa kwa kila kitu. Mimi nikisema kitasa nina maana ya sehemu ya nje unayoivuta. Loki ni mtambo ulio ndani ya ukingo wa mlango, wenye ulimi unaokidaka kile chuma cha U. Kitasa hakikuundwa kubeba nguvu kubwa. Ni kijimkono cha kusukuma ufito, na mlango wenye afya hufunguka kwa vidole viwili vya mtoto. Kikikatika, mara nyingi ni kwa sababu kilikuwa kimefanya kazi ya jembe kwa miaka mingi, jua nalo likaimaliza plastiki yake kidogo kidogo.

Mlango ukishafunguka, fanya kipimo hiki. Ufunge ulimi wa loki kwa bisibisi mlango ukiwa wazi, kisha usukume ufito wa kitasa kwa kidole. Kama ni mgumu hata hapo, loki yenyewe imejaa grisi iliyokauka na vumbi. Kama ni mwepesi mlango ukiwa wazi, lakini ukiufunga unakuwa mgumu, basi loki haina kosa. Mlango haukutani sawasawa na chuma cha U. Shika mlango kwenye ncha yake ya nyuma na uunyanyue: ukisikia mchezo kwenye bawaba, mlango umeshuka, na ulimi unakisaga chuma cha U badala ya kukidaka. Bawaba zikiwa nzima, ni chuma cha U kinachohitaji kusogezwa. Kichoree kwanza mstari kwa penseli kukizunguka ili ujue kilikokuwa, legeza skrubu zake mbili kwa bisibisi kubwa ya nyota, na usikisogeze zaidi ya milimita moja kwa mara moja. Skrubu hizo hukaza sana. Zigonge kichwani kwa nyundo kupitia bisibisi kabla ya kuzizungusha, la sivyo utazikwangua vichwa na utanikumbuka.

Loki chafu isafishwe kwa brashi ya meno na mafuta ya taa kidogo, ukiwa umeweka kitambaa chini ili yasiifikie raba ya mlango. Petroli usiitumie ndani ya gari, mvuke wake ni hatari. Ikaushe, kisha ipake grisi nyeupe kiasi cha ukucha na uuchezeshe ulimi mpaka grisi ienee. Hapa ndipo ninapotofautiana na ndugu yangu wa Ubungo: oili ya injini ni nyepesi, huteremka yote chini na kinachobaki hukamata vumbi, na baada ya misimu miwili ya kiangazi unakuwa na tope lilelile ulilolitoa.

Jambo la mwisho ni ufito. Pale unapoungana na kitasa au na loki, hushikwa na klipu ndogo ya plastiki ambayo huzungushwa ili kuufunga. Klipu za umri huo hukatika kama biskuti, kwa hiyo nunua mbili za akiba pamoja na kitasa. Na baada ya kuufunga, ufito uwe na nafasi ndogo ya kucheza, kama milimita moja, kabla haujaanza kuisukuma loki. Ukiukaza mpaka nafasi hiyo iishe, kitasa kinakuwa kimeishikilia loki nusu wazi muda wote, na mlango unaweza kuachia gari likipita kwenye shimo. Kwa mlango wanaokalia watoto, hilo usilifanyie mzaha.

Kijana wa Iringa aliuliza:

Shikamoo mzee. Je, kile kipande kilichokatika hakiwezi kuunganishwa kwa gundi ya epoksi, au kwa wale wenye vitasa vya chuma, kupelekwa kwa fundi wa kuchomelea? Nauliza kwa sababu nina Carina ya zamani yenye tatizo linalofanana na hili, na kitasa chake nimekitafuta bila mafanikio.

Fundi Mstaafu wa Mwanza alijibu:

Marahaba mwanangu. Gundi inashika vizuri mahali penye uso mpana usiovutwa, lakini kitasa hukatikia palepale penye sikio la bawaba, mahali pembamba kuliko pote na penye mvuto kuliko pote. Itakufikisha mwisho wa wiki. Na hivyo unavyoviita vya chuma, vingi ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Aloi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 380 na kitu za Selsiasi, kwa hiyo moto wa kuchomelea ukiigusa tu inadondoka kama nta. Nimeona vijana wakilia na vitasa vya Peugeot 504 namna hiyo.

Kwa Carina yako, tafuta gari lililokatwa vipuri, kisha linganisha kitasa kwa kitasa, mkononi. Usiridhike na jina la gari peke yake.

Mpwani wa Likoni alijibu:

Salaam kwenu nyote. Mama aliuliza kipya au mtumba, na naona swali hilo limeachwa njiani.

Huku kwetu Kenya magari yaliyozidi miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa, kwa hivyo hizi 110 tulizonazo ni zile zilizoingia zamani, na kitasa cha mtumba utakachokipata Kirinyaga Road kule Nairobi, ama hapa Mombasa, aghalabu kimetolewa kwa gari lililokwisha kupigwa na jua letu sawasawa na lako. Kinatoshea bila matata, kwa kuwa ni cha kiwandani, lakini umri wake ni ule ule. Kipya kisicho cha Toyota hung'aa dukani, ila vipo ambavyo pini ya bawaba ni plastiki badala ya chuma, na vipo ambavyo springi yake ni dhaifu hata kitasa hakirudi mahali pake. Mimi hukikunja mara kadhaa mbele ya muuzaji, nikakitazama sikio lake kwa ndani kama ni nene, na nikakilinganisha na cha zamani, hasa pembe ya kile kijimkono cha nyuma. Asiyekubali nikijaribu simnunulii. Kwa mlango wa nyuma, ambao hauna silinda, ningechagua kipya kilicho kizito kuliko mtumba uliopauka. Kwa mlango wa dereva ningetafuta mtumba wa kiwandani, kwa sababu pale silinda ya ufunguo nayo lazima ikae barabara.

Nenda dukani na vipande vyote viwili vya kitasa chako ikiwa utaweza kuvitoa mapema. Cha nyuma kushoto hakiingiliani na cha nyuma kulia wala na cha mbele, na wauzaji hukosea. Wakikupa cha Sprinter wakisema ni ndugu mmoja na Corolla, kilinganishe kwanza.

Kama vitasa vyako vimepakwa rangi ya bodi, namba ya rangi imo kwenye kibati kilichomo ndani ya boneti, kwenye mstari wenye herufi C/TR. Kwa mfano 040 ni ile nyeupe iliyo kwenye Toyota nyingi. Mpelekee fundi rangi namba hiyo pamoja na kitasa kabla hakijafungwa, maana kupaka rangi kitasa kilicho mlangoni ni kuuchafua mlango.

Na kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, chumvi huula ufito na springi ya loki kabla vumbi halijafika. Mimi hufungua milango yangu kila baada ya mvua za masika, nikaitia grisi. Morogoro sidhani kama mna shida hiyo.

Mama wa Kihonda alijibu:

Shikamoo mzee wangu wa Mwanza, na ninawashukuru sana kaka zangu wa Ubungo na Likoni. Mlango umefunguka jana saa nane mchana, na leo watoto wameshukia upande wa kushoto. Naeleza yaliyotokea ili mwenye shida kama yangu asipotee njia.

Njia ya waya wa hanga haikufaa. Tulikiona kijimkono cha nyuma na kilisogea vizuri, lakini hakikusukuma chochote. Baadaye tuligundua kwamba siku kitasa kilipokatika, klipu ya ufito nayo ilipasuka na ufito ukaanguka pembeni. Tukatoa sehemu ya kukalia ya kiti. Humo chini tulikuta kalamu za rangi saba, soksi moja na shilingi mia tatu, na kaka yangu akasema hizo ndizo ujira wake. Paneli ilitutesa kuliko kitu kingine, kwa sababu mkono wa kuingia kati yake na bati ulikuwa wangu tu, wa kaka haukupita. Pini mbili zilikatika na kona ya chini imepasuka kidogo, lakini haionekani ukikaa. Nililala chali kwenye sakafu ya gari, tochi ya simu mdomoni, nikakisukuma kijimkono cha loki kwa mpini wa mwiko huku kaka akiubonyeza mlango kwa nje, na ukaachia kwa mlio ambao nimeusikia kama wimbo.

Mzee, ulisema kweli. Loki ilikuwa imejaa kitu cheusi kama lami iliyochanganyika na mchanga, na kidole hakikuweza kuusogeza ufito hata mlango ukiwa wazi. Tuliisafisha kwa mafuta ya taa mara tatu ndipo rangi ya chuma ikaonekana. Bawaba hazina mchezo. Kitasa nilipata kipya mjini, kizito, chenye pini ya chuma, kwa shilingi 25,000. Nilikataa kimoja cha bei ndogo zaidi ambacho sikio lake lilikuwa jembamba kama kadi ya simu. Rangi haikuhitajika kwa sababu vitasa vyangu ni vyeusi.

Kaka wa Ubungo, ule ushauri wako wa kuweka karatasi ndani ya soketi tuliukumbuka baada ya boliti kuanguka. Tuliinasa kwa sumaku ya spika mbovu ya redio iliyofungwa kwenye kamba. Halafu tukapata hofu ya bure: tulipojaribu mkono wa ndani haukufungua, tukaanza kuifungua tena loki, kumbe ile loki ya watoto ilikuwa bado imewekwa.

Limebaki jambo moja. Mlango sasa unafunguka kwa kidole kimoja, lakini kuufunga lazima niusukume kwa nguvu kidogo kuliko zamani, na nikiusukuma taratibu unalia mara moja tu na taa ya ndani haizimi. Je, nimekosea kwenye ufito?

Fundi Mstaafu wa Mwanza alijibu:

Marahaba binti yangu, na hongera kwa kazi. Mlio mmoja maana yake ulimi umeishia kwenye hatua ya kwanza na haujafika ya pili. Ndiyo maana taa inabaki. Usiendeshe gari na watoto mlango ukiwa hivyo.

Kabla hujaugusa ufito, angalia mambo mawili. Kwanza, ifuate raba ya mlango kwa kidole kuzunguka fremu yote, kwa sababu mlipokuwa mkihangaika na paneli huenda imetoka kwenye mfereji wake na kujikunja. Pili, tazama kama nailoni au ukingo wa paneli ile iliyopasuka haujajitokeza ukabanwa na mlango. Yote mawili yakiwa sawa, toa tena paneli na uangalie ufito: chezesha kitasa kwa kidole bila kukivuta mpaka mwisho, na kama husikii hata ile milimita moja ya kucheza, kirudishe nyuma kile kiungio cha plastiki chenye nyuzi kilicho kwenye ncha ya ufito kwa mzunguko mmoja, ujaribu kwa bisibisi kama mwanzo, kisha mzunguko mwingine ikibidi.

Mama wa Kihonda alijibu:

Ni raba, mzee. Ilikuwa imejikunja karibu na bawaba ya chini, mahali nilipokuwa nimeegemeza mguu. Nimeirudisha kwenye mfereji na mlango unafunga kwa kusukumwa na kiganja, milio miwili, taa inazima. Ufito sikuugusa. Jumamosi ijayo kaka anarudi tusafishe loki ya mlango wa dereva, ambao nao umeanza kuwa mgumu, na safari hii karatasi itaingia kwenye soketi kabla ya boliti.